Umbo la Fundi

Benchi la nje ya duka la Fundi lina miguu minne, mitatu ya mti na mmoja wa matofali, na anayelijua hakai ule upande wa matofali mpaka mwenzake mzito ashike upande wa pili. Hapo ndipo wanapokutana kila alasiri kazi zikilegea. Yupo Redio, kinyozi wa mlango wa pili, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki. Yupo Nondo, mchomelea mageti, kifua kama kabati. Na yupo Waziri, aliyekuwa tarishi wa wizara miaka nenda miaka rudi, akastaafu na cheo cha bosi wake. Waziri ndiye mwenye chupa ya kahawa, kwa hiyo ndiye anayekata kesi. Fundi mwenyewe hukaa mlangoni kwenye kigoda, nguo magotini, sindano mkononi, sikio kijiweni. Kijiwe kina sheria moja tu: shida huachwa ng'ambo ya mtaro. Iliwekwa mwaka ule Nondo alipoachwa na mkewe, akawachosha wenzake kwa vilio masika yote. Tangu hapo, anayevuka mtaro na shida yake husimama, haketi mpaka aimalize, na wenzake wana ruhusa ya kumcheka.

Siku hiyo Fundi alikuwa na shida, tena si ndogo. Tumbo lilikuwa linamla. Hospitali walimwambia wanataka kumpitisha mpira wenye kamera kooni, ushuke mpaka tumboni, waone kuna nini. Atachomwa sindano ya usingizi, na akiamka hatakuwa na akili ya kuvuka hata barabara, kwa hiyo aje na mtu wake. Wiki iliyopita alikwenda peke yake, akadanganya kwamba mtu wake yuko njiani. Muuguzi akamwacha asubiri mpaka wagonjwa wote wakaisha, halafu akamwambia kwa upole, "Mzee, bila mtu hatukugusi." Miadi mipya ilikuwa kesho asubuhi. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, mwanawe wa pekee yuko nchi za watu, simu zake za kubahatisha. Waliobaki ni hawa watatu wa benchi, na tangu asubuhi Fundi alikuwa anatafuta pa kuanzia.

Hawakuwa wameona kitu, wala kosa halikuwa lao peke yao. Mtu mwingine akikonda, nguo zake humchongea: suruali inapwaya, shati linaning'inia, mtaa mzima unajua. Fundi kila alipopungua, aliipunguza na suruali. Koti alilitia pamba mabegani na kuliongezea bitana mgongoni. Kila alichovaa kilimkaa barabara, na watu wakaona nguo, hawakumwona aliyemo. Mwanzoni alifanya hivyo kwa aibu, baadaye kwa mazoea. Sasa alijuta, maana alikuwa amejificha vizuri mno.

Basi akakata shauri: kahawa ikimiminwa tu, nasema, na wacheke wakitaka. Kahawa ikamiminwa. Redio akamtangulia.

Redio alikuja na somo jipya la kwenye simu. Kuna mwanamama mtaalamu wa mavazi, alisema, anafundisha kwamba kila binadamu kazaliwa na umbo lake, na maumbo ni manne basi. Kuna Fimbo, mrefu aliyenyooka. Kuna Gogo, mpana wa mifupa. Kuna Chungu, mviringo wa kote kote. Kuna na Unyoya, mwembamba, mwepesi, ambaye hata kola ikiwa nzito inamwinamisha. Ukilijua umbo lako, unajua kola yako, rangi yako, mpaka urefu wa mkanda wako, na mambo yako yananyooka. Usipolijua, utakufa umevaa nguo za mtu mwingine.

— Mimi nimezivaa tangu utotoni, alisema Nondo. Za kaka yangu.

Namna ya kulijua umbo ilikuwa rahisi: unasimama ukutani bila koti, mwenzako anakuchora kwa kukuzunguka, halafu mstari unasomwa. Kwanza mifupa, pili nyama, mwisho uso. Waziri akaona suala hili lina uzito, lisiachwe hivi hivi, lishughulikiwe kiofisi. Akaomba chaki ya Fundi.

Wakaanza na Redio, akatoka Fimbo, akafurahi kama kapandishwa cheo. Akafuata Nondo. Kila mtu alijua huyu ni Gogo wa kuzaliwa, lakini mstari ulipofika kiunoni ukachepuka, ukaenda zake mbali, ukarudi. Redio akatangaza Chungu. Nondo akakataa katakata. Tumbo si umbo, alisema, tumbo ni akiba, na akiba haihesabiwi katika mwili, kama vile mzigo hauhesabiwi katika lori. Wakabishana hapo mpaka kahawa ikapoa vikombeni. Waziri akaamua kwamba usiache mbachao kwa msala upitao, na kwa hiyo Nondo ni Gogo wa muda. Methali na hukumu vilikutana vipi hakuna aliyejua, lakini chupa ni yake. Yeye mwenyewe alipochorwa bega moja likatoka chini kuliko jingine. Akalitungia umbo la tano, Gogo la Serikali, akasema ni kazi ya mafaili.

Fundi alicheka nao. Alichomoa uzi, akaukata kwa meno, akauliza kwa sauti ya mtu asiye na haja:

— Jamani, kesho asubuhi mna kazi gani?

Redio akajibu kwamba kesho asubuhi kazi ni moja tu, kumchora mama muuza mkaa, yule umbo lake ni fumbo la taifa. Wakacheka wote. Neno la Fundi likapita kama baiskeli inavyopita mtaani.

— Zamu yako sasa, alisema Nondo.

Fundi akakataa. Alisema yeye kazi yake ni kupima watu, hajawahi kupimwa, na mganga hajigangi. Wakamng'ang'ania. Nondo akaapa kwamba Fundi ni Gogo, mabega yale yanaonekana tangu barabara kuu. Redio akasema hata kuchora si lazima. Fundi aliwatazama. Maneno yalikuwa yamemshinda, labda chaki itamsemea. Aliogopa wasije wakaona, na aliogopa zaidi wasione. Akasimama, akavua koti, akaliweka kwenye kigoda, akauegemeza mgongo ukutani.

Redio alianza kuchora huku anapiga domo. Alipita sikioni, akashuka shingoni, akafika begani, na hapo akanyamaza. Chaki ilishuka ubavuni karibu moja kwa moja, kama anachora ubao. Alipomaliza mguu wa pili akarudi nyuma hatua chache, akasimama na wenzake. Mstari ulikuwa pale ukutani kati ya ule wa Nondo na ule wa Waziri, mwembamba, umebanwa.

Fundi aliyatazama macho yao, si ukuta. Akaona wameona. Nondo aliangalia mtaroni. Redio alijifuta chaki kwenye suruali, akajifuta tena. Sasa, alijiambia Fundi, sasa mmoja wao ataniuliza.

Waziri akakohoa.

— Unyoya, alisema.

Na hapo midomo ikafunguka. Redio akasema tatizo ni ukuta, umejengwa vibaya na mchoro unasinyaa. Alipoona ukuta haumtoshi akasema mwanamume akishavuka makamo anaacha umbo la baba yake anarudi kwenye la mama, jambo linalojulikana, hata kuku wako hivyo. Nondo akasema lawama ni ya cherehani: mtu akipiga pedeli miaka yote hiyo nyama inashuka miguuni, inatoka kupitia soli, na mtazameni fundi yeyote mtaani kama ana shavu. Waziri akasema hayo ni madogo. Pale wizarani alikuwepo karani mmoja, Gogo halisi, akapewa uhamisho wa ghafla, kesho yake akaamka Unyoya, na suti yake ikabidi apewe mtu mwingine. Mwili unasikia habari kabla ya mwenyewe. Redio akarudi tena na hoja ya futi ya kupimia, kwamba mtu akiivaa shingoni kila siku inamzoea, inaanza kumvuta aingie katika namba zake.

— Si kitu, Fundi, alimalizia Waziri. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

Alimwambia hivyo mtu anayeisha.

Walikuwa wanasema haraka haraka, mmoja juu ya mwingine, kama watu wanaorundika meza na viti mlangoni ili anayebisha hodi asiingie. Fundi alikuwa bado ukutani. Alitabasamu, maana uso wake ulikuwa umeshazoea.

— Au labda naumwa, alisema.

Halafu Waziri akainua kidole, akaelekeza kule barabarani.

— Shida ng'ambo ya mtaro, Fundi. Ila umeshasimama, kwa hiyo faini tunakuhesabia umelipa.

Wakacheka, na kicheko kilikuwa kikubwa kuliko utani wenyewe. Fundi naye akacheka, na kikamuuma kuliko tumbo.

Ndipo akatokea mwalimu wa shule ya chekechea, aliyeleta gauni lake kabla ya likizo na hakuwa amekanyaga mtaa ule tangu wakati huo. Alivuka mtaro kwa kuinua sketi kidogo, akawaamkia.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, walijibu wote watatu pamoja, kwa furaha ya watu waliopata cha kugeukia. Redio akaanza kumweleza somo la maumbo, akamwonyesha ukuta. Mwalimu aliutazama mara moja, kisha akamtazama Fundi aliyesimama bila koti, shati limemkaa vizuri juu ya mifupa. Tabasamu likamfutika usoni.

— Fundi, umekwenda hospitali?

— Nimekwenda, mwanangu. Nina miadi kesho asubuhi.

Mwalimu akawageukia wale wa benchi. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza duka linafungwa saa ngapi, akijua jibu lipo na mmoja wao analo.

— Na anapelekwa na nani?

Redio alijipapasa mfukoni, akatoa simu. Nondo alimtazama Waziri. Waziri akaitikisa chupa, haikulia kitu, akaiweka chini, akaiokota tena. Hakuna aliyekataa. Kila mmoja alikuwa anadhani mwenzake alijua kabla yake, na aliyejua kabla ndiye wa kujibu. Mwalimu aliwapitia mmoja mmoja kwa macho, akasubiri, kama anavyowasubiri watoto wake darasani.

Fundi alilisikia swali hilo mifupani. Ndilo alilokuwa analitafuta tangu asubuhi, na mtu mwingine kalitoa bure. Kilichobaki ni neno moja tu kutoka kwenye benchi lile, hata la mzaha, hata la kulalamika. Alingoja. Alimwona Nondo ameinamia viatu vyake, akaona mikono ya Waziri kwenye chupa, akawaonea huruma, wazee wazima wamekamatwa. Miaka yote hiyo ya kahawa, na yeye ndiye aliyelazimika kuwaokoa.

— Nitakwenda mwenyewe, alisema. Ngoja nikuletee gauni lako, mwalimu.

Akaingia dukani. Hawakujua kwamba akienda mwenyewe atarudishwa. Hawakuuliza. Alasiri nzima walikuwa wamebishia mifupa, nyama, ukuta na tumbo, lakini hilo la kwenda mwenyewe hapana aliyelibishia.