Msichana Aliyeziba Masikio Kanisani

Mwaka wa tatu wa Uhuru, ndani ya basi la kutoka Kiganjo, mzee Ngatia, anayemtafsiria mchungaji Mzungu kanisani kwetu, alimgeukia msichana aliyeketi kando yake. Mimi nilikuwa nyuma yao, na masikio yangu hayana adabu.

"Warigia, mbona nikianza kutafsiri unaziba masikio? Ati unanidharau?"

"Hapana, mzee. Leo niko na mtihani ya Kizungu, ya kuingia koleji ya walimu. Kusoma nimeweza. Kusikiliza nimejifunza kwa mchungaji, na wewe ukianza unanichanganya."

"Msichana na koleji wapi na wapi?"

"Jumapili iliyopita nilisahau kuziba. Mchungaji alisema wasichana wasomeshwe kama wavulana. Wewe ukatuambia wasichana wasaidie mama zao shambani."

Mzee alikohoa kikohozi cha madhabahuni. "Nilifupisha," akasema.

"Basi mimi nitaendelea kuziba."

Basi likasimama Ruring'u, Warigia akashuka. Akina mama wenye vikapu mle ndani, wengi wao wa kanisa letu, walikuwa wamegeuka wote kumtazama mzee, na hakuna hata mmoja aliyeziba masikio.