Mzee Ngoja Aweka Sindano Chini

Tarehe 30 Juni daktari wetu wa farasi, Mzee Ngoja, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika hospitali hii ya wanyama.

Jina hilo tulimpa sisi. Akishamchoma farasi dawa ya kutuliza, mwenye farasi akihimiza kazi ianze, jibu lilikuwa moja: ngoja. Farasi aliyeshtuka hupigana na dawa, alitufundisha. Mwache kwenye utulivu mpaka kichwa kiiname na mdomo wa chini ulegee. Hata hapo usijiamini, maana farasi anayesinzia bado anajua kupiga teke. Mmoja alimpasulia suruali mbele ya wageni wa wizara, naye akamaliza kazi amejifunga taulo.

Subira hiyo aliipata kwa gharama. Mwaka wake wa tisa aliletwa farasi jike, mzee, kushonwa jeraha. Alipewa dozi ya kawaida, na baada ya saa mbili akaonekana mzima, akapakiwa kwenye lori. Njiani akaanguka, akavunjika mguu, na haikuwezekana kumwokoa. Alipopasuliwa, ini lilikutwa limechoka. Ini ndilo huivunja dawa, figo zikaitoa kwa mkojo. Ini likilemewa, dawa hukawia mwilini.

Hakuna aliyemlaumu. Alikwenda mwenyewe kwa mwenye farasi, mjane aliyemlea jike yule tangu kuzaliwa. "Kosa ni langu, mama," alimwambia. "Sikupima damu yake." Tangu hapo, hapa kwetu farasi mzee hatulizwi kabla damu yake haijapimwa.

Muda wake wa kustaafu ulikuwa bado miaka miwili. Lakini shingoni mwa farasi, mshipa tunaouchoma umepakana na mwingine uendao moja kwa moja kwenye ubongo. Ukikosea, mnyama huanguka papo hapo. Mwezi Machi aliupapasa, akaupapasa tena, kisha akanikabidhi sindano.

"Chukua wewe, mwanangu. Vidole vyangu havisikii tena."

Hakuna mwingine aliyeona. Kesho yake akapeleka barua ya kuacha kazi. Nilimsihi angoje mwaka uishe. Alitikisa kichwa, akaenda kunawa mikono.

Mwalimu wetu, ahsante kwa kutufunza kukiri kabla hatujaulizwa. Tunakuombea afya, usingizi mwema na siku nyingi za raha na jamaa zako. Jumatatu nitamchoma farasi bila wewe kusimama ubavuni pangu, na sijui nitaanzaje.