Mazishi ya Treni Isiyofika

Wakubwa zangu, shikamooni. Wa amina na wa amin nawasalimu kwa mpigo mmoja, maana upepo uliotuangusha sisi haukuuliza mtu anasali wapi.

Mwenyekiti amenishika mkono pale mlangoni akaniambia, "Mama Fadhili, leo ni ushuhuda. Siyo mhadhara." Nimemwahidi. Mtakaponiona nimeanza kuinua kidole namna hii, kohoeni.

Majina ya watu nitayaacha. Baadhi yao mmekaa humu na mnajijua.

Wengi wetu tunafanana: tulikuwa na kazi, na kazi ikatuacha. Mimi nilikuwa katika shirika moja la umma la uchukuzi, nina meza, nina kiti kinachozunguka. Kisha tukaambiwa nchi inafungua milango. Mlango wa kwanza kufunguliwa ukawa ule wa kututoa nje. Nikarudi kwetu Mkunya, kule juu Newala, na watoto, shahada ya uchumi wa uchukuzi, na jokofu. Umeme, kama mnavyojua, haukuwepo. Mama akaligeuza jokofu kabati la unga wa muhogo, panya wakalishindwa. Katika vyote nilivyorudi navyo, jokofu peke yake ndilo lililopata kazi mara moja.

Ilikuwa misimu ile ya mwanzo ya soko huria, wanunuzi binafsi wa korosho wanakuja kila mmoja na mizani yake. Ila malori yao makubwa yaliishia Masasi. Dereva wa semitrela hapendi kupanda Newala, hasa mvua ikishagusa ule udongo mwekundu. Kwa hiyo korosho zetu ziliteremka kwa baiskeli na pikapu, zikafika Masasi, zikamwagwa chini kando ya barabara kungoja gari kubwa. Kule kufaulisha, yaani kuhamisha mzigo kutoka gari dogo kwenda gari kubwa, kulifanyika kwenye matope. Magunia yalilowa, korosho zikaota kuvu, na mnunuzi akazikataa huku mwenye korosho akitazama.

Nililiona tatizo hilo vizuri. Nasema hivyo kwa sababu baada ya hapo sikuona kitu vizuri kwa muda mrefu.

Wazee wanakumbuka kwamba zamani za mkoloni, ile reli iliyotokana na mradi wa karanga ilifika mpaka Masasi. Karanga zikagoma, reli ikang'olewa, likabaki tuta lake na mbuzi wakijifanya mabehewa. Sasa ikavuma kwamba mwekezaji anakuja kuitandika upya mpaka pwani. Kila mtu alimjua mtu aliyemwona huyo mwekezaji. Mimi sikuhitaji hata kumwona. Nilikuwa nimesomea treni! Nilijiona kama bibi harusi aliyekwisha pakwa hina, bado bwana tu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na kiwanja pembeni mwa mji wa Masasi, kimebanwa katikati ya tuta na barabara. Kwetu sisi tunaofuata upande wa mama, ukimpata mjomba umepata ukoo mzima. Nikaenda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Leo umekuja na karatasi."

Nikamweleza: ghala, treni, Mkunya yote itashushia kwetu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na hiyo treni umeiona?"

"Nimeikokotoa, mjomba."

Akanirudishia karatasi. Mjomba wangu humheshimu mtu aliyekokotoa kama anavyomheshimu mtu aliyeota ndoto: habishani naye. Akanipa kiwanja.

Watu wa Mkunya wakaja na miti, matofali na mikono yao. Tukajenga. Ndani tukainua jukwaa la saruji la kunifika kifuani, sawasawa na sakafu ya behewa. Milango miwili mipana ikatazama tuta, mahali treni itakaposimama. Upande wa barabara nikaweka ukuta mzima, hauna hata dirisha. Malori niliyaona ni watu wa kupita.

Ndugu zangu, nawaambia kilichonisikitisha baadaye. Chuoni tulifundishwa jambo hili, na kwenye mtihani nililijibu vizuri. Treni ya safari fupi ina taabu. Gunia linapanda pikapu, linashuka, linapanda behewa, linashuka, linapanda tena chombo kingine mpaka melini. Kila likinyanyuliwa linachanika kidogo, linapungua kidogo, na mbebaji anataka chai. Safari ikiwa ndefu, treni inazifidia hizo taabu zote njiani. Kutoka Masasi mpaka Mtwara, lori lililopakia mara moja linafika na dereva anakula samaki, wakati kichwa cha treni bado kinapashwa moto. (Nimesikia kikohozi. Nashusha kidole.) Niliyajua hayo. Lakini moyo ukishataka treni, kichwa kinakwenda kukaa benchi.

Msimu ukaanza, Mkunya wakaniletea korosho zao zote. Waliniamini. Nyumba nyingi zilikuwa zimeweka humo kila kitu, na bila mauzo yale zingeingia miezi ya njaa mikono mitupu. Ghala likajaa mpaka juu. Treni haikuja. Malori yakaja, lakini tuta ni jembamba kwayo, yakabaki barabarani; ili kupakia, wabebaji walitoa gunia upande wa tuta, wakazunguka nalo ghala kwa kijia chembamba, wakalipandisha lori kutoka chini. Nilikuwa nimejenga ghala linaloongeza kazi! Madereva walingoja, wakachoka, wakaenda kupakia za wenzetu waliomwaga zao barabarani. Zangu zikabaki, nzuri, kavu, zimefungiwa kama wafungwa.

Na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Ruvuma. Paa letu lilikuwa la nyasi upande mmoja, maana mabati yalituishia.

Akina mama wa Mkunya wakanifuata. "Mama Fadhili, tutoboe huu ukuta wa barabarani."

"Treni ikija itamkuta nani?"

"Itatukuta sisi, tumekufa njaa."

Sikukubali. Kuutoboa ule ukuta kungekuwa kukiri mbele ya kila mtu kwamba haiji, na kama haiji, basi mimi ni nani? Mwenye shahada ya kitu kisichokuwepo. Nikaanza kukosa usingizi, moyo unadunda kama kinu. Wakanipeleka hospitali ya Ndanda. Muuguzi akanipima, akaniuliza kwa upole, "Kuna kitu unakisubiri, mama?"

"Nasubiri treni."

Akamgeukia mwenzake. "Hebu mpime tena."

Nilirudi na vidonge na sifa mpya mjini.

Asubuhi moja niko ghalani, nikasikia kilio. Kilio cha msiba kabisa, cha watu wengi. Nikatoka mbio. Walikuwa watani zetu wa Chiwata, wanaume kwa wanawake, wamejifunga vitambaa vichwani. Mbele alikuwa mama mmoja mnene, mtani wangu tangu utoto, anajipiga kifua:

"Uuuwi! Treni yetu! Umetutoka hata honi hujapiga!"

Mnamjua mtani. Msibani kwako yeye ndiye huchimba kaburi, yeye ndiye humsema marehemu vibaya mpaka wafiwa wacheke. Na hakasirikiwi. Ukikasirika, unatozwa kuku.

Wakaingia wakalaza gunia la korosho juu ya machela, wakalifunika kanga.

"Mfiwa ni nani hapa?" akauliza mzee mmoja wao.

"Huyu hapa msomi. Tazameni macho yalivyovimba."

"Marehemu aliugua nini?"

"Hakuugua. Alikokotolewa."

Watu wa jirani wakaanza kujaa. Nikajaribu kutabasamu kama mtu mwenye elimu.

"Haya, mmenicheka, asanteni. Rudisheni gunia."

"Kurudisha maiti?" yule mama akashangaa. "Wamakonde nyie mna mila gani? Huyu anakwenda kuzikwa. Na hatoki kwa mlango huo, huo ni wa wageni wanaotegemewa. Marehemu wetu anatoka kwa barabarani."

"Barabarani hakuna mlango."

"Ndiyo maana tumekuja na majembe."

Wakaugeukia ukuta. Nikapiga kelele, "Mtani, acha ukuta wangu!"

"Nachimba kaburi. Kwenye msiba wako ulitaka lichimbwe na nani, na chuo kikuu?"

Nikamtafuta mjomba. Neno lake moja lingewasimamisha. Nikamwona amesimama kando ya kundi, uso umetulia kama mtu aliye msibani kweli. Mkononi ameshika mtaimbo. Akamsogelea mtani, akampa.

Ukuta ulianguka kwa vumbi jingi. Mwanga wa barabarani ukaingia mle ndani kwa mara ya kwanza tangu tulipoezeka, nikaona magunia ya Mkunya yote kwa pamoja, safu juu ya safu. Na semitrela moja iliyokuwa ikipita ikapunguza mwendo, dereva akachungulia.

"Poleni jamani. Maiti mnaipeleka wapi?"

"Mtwara!"

"Ni mmoja?"

"Ni ukoo mzima, baba, rudi nyuma uwaone!"

Akarudi nyuma, nadhani kwa ajili ya kucheka tu. Lori likasogea mpaka likagusa. Hapo kicheko kikapungua, kwa sababu kila mtu aliona alichokiona mwenzake. Bodi ya lori na lile jukwaa langu la treni vilikuwa karibu usawa mmoja. Ilibaki nafasi ya kutia mguu. Wakaweka ubao juu yake, mtani akasukuma gunia la marehemu, likateleza likaingia ndani ya lori bila mtu kulibeba begani.

Wakasukuma la pili, nalo likateleza. Kisha mtani akaniambia, polepole, siyo kwa sauti ya utani, "Jukwaa lako ni zuri, mwanamke wewe. Lilikuwa limekupa mgongo."

Nililia. Nikataka na kueleza, wakanitoza kuku.

Dereva yule akaenda kuwaita wenzake. Magunia ya mwisho yalitoka mvua ikiwa imeshaanza kutona juu ya zile nyasi, na Mkunya wakauza. Hakuna nyumba iliyopoteza msimu kwa ajili yangu. Hilo, ndugu zangu, ndilo ninalolishukuru kuliko yote.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba mjomba mwenyewe alikwenda Chiwata kuwaita. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia yeye.

"Ningekuambia mimi, ungeona nakunyang'anya kiwanja," akasema. "Wangekuambia watu wa Mkunya, ungeona hawakuamini tena. Mtani akikuambia, unacheka kwanza. Ukishacheka, umeshasikia."

Tangu hapo ghala lina milango pande zote mbili. Pikapu za Newala zinapita juu ya tuta, maana lile lilishindiliwa kwa ajili ya treni na hata masika haligeuki tope. Zinasimama kwenye milango niliyoitengeneza kwa ajili ya mabehewa. Gunia linavuka jukwaa, linaingia semitrela upande wa barabara. Halishuki chini kabisa. Safari fupi imebaki fupi, ila pale ambapo mlima unalilazimisha gunia kubadili gari, pana sakafu na pana paa. Paa lote ni la bati sasa.

Nawashukuru akina mama wa Mkunya, walionipa korosho zao na hawakunivua heshima. Namshukuru muuguzi wa Ndanda, aliyeniuliza swali lililo sahihi. Nawashukuru watani, ingawa kila mwaka wanarudi kudai uji wa matanga, na mwaka huu wamedai na nyama. Namshukuru mjomba.

Na ninyi wenzangu tulioachishwa kazi. Najua humu wako wanaosubiri kuitwa tena ofisini. Shati la kazini liko kwenye msumari, limepigwa pasi. Sitawaambia mlitupe. Mlichokijenga kwa ajili ya ofisi ile, kujua hesabu, kujua mashine, kujua kusema na watu, msikibomoe, kimo chake huenda ni sahihi kabisa. Tazameni tu kama kimeipa barabara mgongo. Na kama mtashindwa kutoboa wenyewe, basi tafuteni mtani.

Juzi nilimkuta mjomba amekaa kwenye mlango wa upande wa tuta, miguu inaning'inia, anatazama kule reli ilikokuwa ikitokea.

"Mjomba, na wewe unaingoja?"

"Naingoja," akasema. "Ikija, iambie ipange foleni nyuma ya pikapu."