Baba Mkwe Aliyenipikia Uji Ruharo

Wachungaji, wazee wa kanisa, ndugu na majirani wote wa Nakivale, nawasalimu katika jina la Bwana, na sauti yangu ikikatika mnivumilie. Mimi ni Gaju, mke wa Yonatani, na huyu tunayemzika leo ni baba mkwe wangu. Mtanisikia nikisema "baba mkwe" tu, maana kwetu Banyamulenge mkazamwana hatamki jina la baba mkwe wake, wala hali chakula mbele yake, na mimi tangu niolewe jina lile halijapita mdomoni mwangu.

Baba mkwe alizaliwa mwaka 1941 huko Minembwe, milimani Kivu ya Kusini, mtoto wa mzee Rutayisire, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la tatu, akaiacha kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, ng'ombe hawajui kungoja kengele. Tarehe 14 Julai 1964 alimwoa Nyirabizimana, wakapata watoto wanne, na walio hai ni Yonatani na dada yake Kabanyana. Alichunga mpaka Oktoba 1996, vita ilipomfukuza, akaacha kundi lote mlimani, akashuka na fimbo yake na jamaa yake, na tarehe 3 Machi 1999 akafika hapa Nakivale kama mkimbizi, akapewa shamba, akajifunza kulima mahindi akiwa mtu mzima, na mistari yake, tuseme ukweli, haikunyooka hata msimu mmoja. Mama mkwe alifariki hapa hapa mwaka 2002.

Tarehe 9 Mei 2006 nilimzaa Munezero, na mwezi wa Septemba mtoto akashikwa na nimonia kali, kifua kikibonyea kila akivuta pumzi, na kituo cha afya kikatuambia tukimbie Mbarara. Yonatani alikuwa mbali huko Kazo, akichunga ng'ombe za watu, Kabanyana alikuwa amejifungua juzi tu, na mgonjwa hawezi kukaa hospitalini bila gardimalade, yaani mtu wa kupika na kufua. Nilikuwa nimekaa chini nalia, baba mkwe akaingia jikoni, fasi ambayo mwanamume wa kwetu haingii, akafunga sufuria ndani ya shuka, akatangulia kwenda Rwekubo kutafuta gari. Kuna wanaume walimcheka siku ile, na wako hapa, wanajijua.

Katika hospitali ya misheni ya Ruharo, pale Mbarara, mtoto aliwekewa oksijeni, na baba mkwe akasimama na fimbo yake katikati ya bamama kwenye jiko la nje. Uji wa kwanza uliungua, sijawahi kunywa uji mbaya kama ule, Mungu anisamehe. Aliuweka mlangoni, akakohoa, akageuka kwenda zake ili nile bila aibu, na hivyo ndivyo alivyofanya kila siku, na nguo za mtoto alizifua kwa mikono yake, akazianika kwenye ua, watu wakamuuliza kama hana mke, naye akajibu, "Mutoto akipona, muniulize tena." Muuguzi aliponiuliza, "Mama, huyu muzee anaitwa nani?" niliangalia chini, akauliza tena, nikaangalia chini tena, mpaka akachoka, akasema, "Basi, Muzee wa Uji," na jina hilo likatufuata mpaka Nakivale, ndiyo maana wengi wenu hamjui lingine.

Jumapili moja Munezero aliacha kunyonya, daktari akaniambia niwe na moyo, na mimi nikaelewa maana yake. Baba mkwe, ambaye hakuwahi kuvuka mlango ule, akaingia, akakaa sakafuni akinipa mgongo, akaanza kuita polepole ng'ombe aliowaacha Minembwe, mmoja mmoja, kwa majina yao ya sifa, kama anawarudisha nyumbani jioni, na mimi nikalala hapo hapo nikiwa nimemshika mwanangu. Asubuhi ananyonya! Sisemi ng'ombe ndio waliomponya, ni Mungu na madaktari, lakini mimi waliniponya.

Tuliporudi, kwa kuwa ng'ombe hakuwa naye, alinipa mbuzi, kwa desturi yetu zawadi ya kunifungua mdomo, akasema, "Sasa uniite." Mbuzi nilipokea, mdomo ukakataa, na kwa miaka yote alinitania kwamba mbuzi yake imeliwa bure.

Mwaka 2014 alianza kuugua moyo, tukamrudisha Ruharo, zamu hii mimi ndiye gardimalade, akaonja uji wangu akasema wake ulikuwa mzuri zaidi. Kabla ya kufariki, tarehe 6 Agosti 2015, alimwambia Yonatani, "Siku ya kunizika, Gaju ndiye atasoma habari zangu, na aniite."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, bamama wa jiko la Ruharo waliomfundisha kukoroga, majirani mliotuchimbia kaburi, na wachunga ng'ombe wenzake Yonatani waliotoka Kazo. Munezero huyu hapa, msichana wa miaka tisa, mzima kabisa, ndiye ameshika fimbo ya babu yake, na asubuhi ameniuliza kama nitaweza.

Nehemiya. Baba yangu Nehemiya, mbuzi yako haikuliwa bure, pumzika kwa amani.