Asikiaye Arudie

Wasikilizaji wapendwa, wa Pasiansi, wa Kamanga, wa Nansio, na wewe uliyefungulia redio kwa bahati mbaya ukitafuta matokeo ya mpira: kaa wima. Leo tunamkumbuka Wilhelmina Kashindye, mama wa mtandao huu wa redio. Narudia. Wilhelmina Kashindye, wa Kamanga.

Amekufa kwa kipigo. Narudia, maana kuna wanaosema ni presha. Amekufa kwa kipigo.

Mama Wilhelmina alikuwa mpiga redio wa chama cha ushirika cha pamba. Ruksa ya biashara huria ikaja, wanunuzi binafsi wakaja, chama kikafa kifo cha heshima, na yeye akapunguzwa kazi. Akaondoka na redio za koli, zile za kusemea na kusikilizia, mbovu, ambazo hakuna aliyezitaka. Akazifufua kwa betri za gari. Moja akaiweka kwake, nyingine Pasiansi, nyingine Nansio, nyingine hapa shuleni kwetu, ambako mkuu wa shule anaamini tunajifunza fizikia.

Hakukuwa na makao makuu. Kila kituo kilisema na jirani yake, na jirani akapeleka kwa jirani. Kimoja kikizimika, maneno yalipita kwa mwingine. Mjini wameanza kujigamba na kitu kinaitwa intaneti. Mdogo wake, Dorotea, alimuuliza hicho ni nini. "Ni hii yetu," akajibu, "ila wao wana kiyoyozi."

Sheria ilikuwa moja: asikiaye arudie. Ukipokea ujumbe, unautamka neno kwa neno, kwa sauti, kabla hujafanya jambo lingine lolote. Hata nyumba ikiungua, rudia kwanza.

Wasikilizaji, mnawajua majambazi wa ziwani. Walichukua injini na nyavu, kisha wakakata kwa panga vidole vya waliong'ang'ania ukingo wa mtumbwi. Mtandao ukaanza kuonya: "Boti ya bluu, inakuja kwenu." Siku moja wawili walikamatwa ufukweni na wananchi wenye hasira kali. Magazeti huwaita hivyo, kana kwamba ni chama chenye usajili wa kudumu. Wakapigwa makasia hadi vichwa vikapasuka. Mmoja wao hakuwa jambazi. Alikuwa fundi wa injini aliyeomba lifti.

Okwach, wa kituo cha Pasiansi, anakumbuka. "Nilimwambia, pole mama, ni bahati mbaya. Akaniuliza, 'Okwach, hiyo bahati mbaya ilishika kasia kwa mkono gani? Mkiua tena kwa maneno yangu, nazitupa redio zote ziwani.'"

Alhamisi iliyopita, asubuhi, boti ya bluu ilitia nanga Kamanga. Wakashuka watatu. Dorotea alikuwa ndani ya mahindi, akasikia yote. Mama Wilhelmina alikuwa akimenya mihogo, na mikono yake ikiwa na kazi alikuwa na desturi ya kufunga kitufe cha kusemea kwa mpira wa baiskeli, ili aongee huku anamenya. Kitufe kilikuwa kimefungwa, na kila neno likaenda hewani.

"Shikamoo, mama," akasema kiongozi wao, Ngosha. Hata jambazi amelelewa.

"Marahaba. Panga la nini, mwanangu? Umekuja kulima?"

"Makao makuu ya redio yako wapi?"

"Hayapo."

Wakamvunja mkono.

"Yako wapi?"

"Baba, umevunja mkono bure."

Wakaangusha nguzo ya antena ya televisheni, ambayo kwa miaka ilikuwa ikibeba kunguru tu. Antena yenyewe ya redio ilikuwa waya wa kuanikia nguo. Hawakuugusa. Kisha wakamgeukia kwa mateke ya tumbo na ubapa wa panga. Na vituo vyote, kwa sheria, vikarudia. Okwach alisimama ufukweni akitamka kila tusi na kila kilio, machozi yakimtoka, watu wakijaa.

Kazi imekwisha, Ngosha na wenzake wakavuka. Wakafika Pasiansi, wakiamini kwamba wamekwisha ua mtandao.

Walivutwa kutoka kwenye boti kwa nywele. Ngosha akapigwa kasia la mdomo, meno yakamwagika mchangani. Okwach akainua lake.

"Lilikuwa juu kabisa," anasema. "Nimeshachagua mahali pa kupiga. Ndipo redio ikasema."

Ilikuwa sauti ya Mama Wilhelmina, Dorotea, aliyeiona boti ikielekea Pasiansi, amemwinua kichwa: "Pasiansi. Wafikisheni polisi wakiwa hai."

"Ningefanyaje?" anasema Okwach. "Sheria ni sheria. Nikarudia. Nansio nao wakarudia. Watu ufukweni wakarudia, wengine kwa kunung'unika. Ukishatamka maneno hayo kwa kinywa chako, mbele ya watu, kasia linakuwa zito."

Wote watatu wako rumande. Wako hai. Mama Wilhelmina alifariki njiani kwenda hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mdogo wake.

Dada Dorotea, na ukoo wote wa Kashindye, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Imependekezwa tukae kimya dakika moja. Nadhani marehemu angetukemea. Kwenye mtandao huu, kimya maana yake kituo kimekufa, na Kamanga haijafa. Leo Dorotea amebadili betri, ameanua nguo, yuko hewani.

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, kabla ya kulia, kabla ya kuokota jiwe, pokeeni ujumbe. Unatoka Kamanga: "Wafikisheni wakiwa hai." Pasiansi, rudia. Nansio, rudia.

Na wewe wa matokeo ya mpira. Rudia.