Bi Waveney Adonis na Umeme wa Kulishwa kwa Kijiko

Tarehe 30 Juni 2025, king'ora cha saa kumi jioni kikilia, Bi Waveney Adonis atatoka geti la Kiwanda cha Ramu cha Belle Patience akiwa ametimiza miaka thelathini na saba, miezi mitano na siku ishirini na sita kazini. Hesabu ni yake. Mimi nilikuwa nimeandika "takriban miaka thelathini na minane", akanirudishia karatasi. Nilimwonyesha sentensi hiyo moja tu. Yaliyobaki atayasoma leo pamoja nanyi.

Kamati ya sherehe iliniomba niandike mambo mepesi, watu wacheke kisha wale metemgee, ule mchuzi wetu wa nazi na mihogo. Ya kuchekesha yapo. Ila kuna jambo nimelinyamazia miaka kumi na sita: kwa nini Anti Waveney hakupewa ukuu wa karakana mwaka 2009. Wengi wenu mnaamini alikosana na bosi. Sivyo, na leo nitalisema.

Alikuja kutoka kijiji cha Victoria akiwa na miaka ishirini na miwili, mwanamke pekee katika karakana ya umeme. Wiki ya kwanza wanaume walimwagiza awapikie chai. Akapika, tena kwa moyo mkunjufu, akatia chumvi badala ya sukari. Hakuagizwa tena. Baada ya miaka mitatu hao hao ndio waliokuwa wakimwita kila geji ilipowashinda.

Kwa ndugu na jamaa waliokuja leo, kazi yake ni hii. Ndani ya jumba la kukenekea ramu, hewa yenyewe ni mvuke wa pombe, na cheche moja inatosha kulipua kila kitu. Lakini geji za matangi zinahitaji umeme ili zituambie, sisi tulio chumba cha udhibiti, tangi limejaa kiasi gani na lina joto gani. Basi kila waya unaoingia mle hupita kwanza kwenye kisanduku kidogo, nje ya jumba, kinachoupunguza umeme mpaka usiweze kuwasha mvuke hata waya ukikatika. Waya hizo ni za bluu, na hazichanganywi na nyingine kamwe. Anti alikuwa akiwaambia wageni, "Umeme wa mle ndani tunaulisha kwa kijiko. Unapata nguvu ya kusema tu, ya kugombana haupati."

Ukali wake mnaujua. Simu, kiberiti na shati la nailoni viliishia getini, uwe mfagiaji au mkurugenzi. Tulipozindua tangi la tisa, pandit, kuhani wa Kihindu, alikuja na taa yake ya samli na ubani kulibariki, kama ilivyo desturi, na Anti akamzuia mlangoni kwa heshima zote. "Baba, Mungu haoni mpaka hapa getini?" Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Ibada ikafanyika nje ya uzio, na mpaka leo matangi yote hubarikiwa kutoka pale.

Sasa niseme la kwangu.

Juni 2009 Anti alikwenda New Amsterdam kwenye harusi ya mdogo wake, akaniachia funguo za kabati la visanduku. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilijiona fundi kweli kweli. Ijumaa geji ya tangi la nne ikaanza kuzimika na kuwaka. Kisanduku chake kilikuwa kimechoka, na cha akiba hakikuwepo stoo. Meli ilikuwa bandarini ikisubiri mzigo. Nikakiruka kile kisanduku, nikaunganisha waya moja kwa moja. Geji ikatulia kama maji ya mtungini. Bosi wetu wa wakati huo, Bwana Ramdeholl, akanipiga mgongoni mbele ya zamu nzima, nami nikavimba kichwa.

Kila Jumatatu asubuhi Anti ana kawaida ambayo tulikuwa tukimcheka. Hufungua kabati, akagusa kisanduku kimoja kimoja kwa kidole huku akitaja tangi lake, kama mwalimu anayeita majina darasani. Jumatatu ile alifika la nne, akaona waya umekiruka kisanduku. Akaenda kwenye swichi kuu akazima mtambo wote.

Bwana Ramdeholl alikuja mbio. "Anti, una wazimu? Geji inafanya kazi vizuri kuliko zote!"

"Ndiyo, inafanya kazi. Nani kasema ni salama?"

"Meli inasubiri!"

"Isubiri. Meli haina watoto."

Akaufuata waya wa bluu mita kwa mita mpaka juu ya tangi la nne. Pale ulipopita kando ya ngazi ya chuma, ganda lilikuwa limelika, shaba iko wazi upana wa kidole. Fundi rangi mmoja alikuwa amekaa kwenye ngazi hiyo tangu asubuhi akikwangua kutu, na kikwanguo chake kilikuwa kimebakiza kama shubiri moja kuifikia. Ndani ya jumba walikuwemo watu kumi na sita. Umeme niliokuwa nimeuachia haukuwa wa kijiko tena.

Ofisini tulikuwa watatu, mimi, Anti na bosi. Mkataba wangu nilishauzika moyoni. Nyumbani nilikuwa na mke na mtoto wa miezi miwili. Anti aliandika ripoti kwa mkono wake, na naikumbuka neno kwa neno: "Sukhu aliunganisha waya. Adonis alimwachia funguo kabla ya kumfundisha sababu. Kosa la Adonis ndilo la kwanza."

Bosi aliisoma mara mbili. "Anti, ukitia saini hapa, ukuu wa karakana usahau. Wakubwa hawatakubali."

"Kalamu yako iko wapi?"

Akasaini. Mimi nikapewa onyo, nikabaki kazini. Mwezi uliofuata cheo kikapewa mtu wa kutoka nje, na Anti akamfundisha huyo naye. Mimi aliniambia koridoni, "Ole wako umwambie mtu. Kesho saa moja asubuhi uje na daftari." Nilikuja na daftari mwaka mzima. Hakuwahi kunitajia jambo lile tena, hata tulipogombana, na tumegombana sana.

Leo namvunjia amri yake. Naona aibu kwamba nilisikia watu wakisema amenyimwa cheo kwa sababu ya mdomo wake, nami nikainamia sahani yangu nikaendelea kula. Aliyestahili kunyimwa ni mimi.

Katika miaka yake yote hapa, jumba la kukenekea halijawahi kuungua. Hakuna anayetunukiwa cheti kwa jambo ambalo halikutokea, kwa hiyo nawaomba mtazame safu ya tatu. Yule fundi rangi wa kwenye ngazi ni Compton Halley, amekaa pale na mkewe na wajukuu wawili. Siku ile aliambiwa tu kuna hitilafu, ashuke akanywe chai. Kaka Compton, sasa unajua.

Anti Waveney, cheo ulichokipoteza kwa saini ya siku ile leo ninacho mimi, na nimekifikia kwa yale uliyonifundisha. Nimechelewa miaka kumi na sita kukushukuru mbele ya watu. Asante kwa niaba ya wote waliorudi nyumbani jioni ile bila kujua kwamba kulikuwa na cha kushukuru. Nenda Victoria ukapumzike, ulale mpaka jua lipande, na Mungu akupe umri mrefu wenye afya na watu wa kukutembelea. Mimi nitakuwa wa kwanza.

Teekaram Sukhu
Mkuu wa Karakana ya Umeme