Masaa Manne ya Betri

Benchi lenyewe lilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matairi ya lori, ukutani kwa Kinyozi. Tundu la kitasa lilikuwa bado lipo, na kila mwenyeji alijua kukaa kando yake kidogo. Wenyeji walikuwa wanne: Kinyozi, Fundi Cheche aliyechomelea mageti, Mjomba Birika, aliyeuza kahawa na kugawa maoni bure, na Sindano, mshonaji, ambaye cherehani yake ilikuwa hatua sita tu kutoka hapo. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya uzio wa kituo cha umeme, yalisimama makontena kumi na mawili meupe yaliyojaa betri. Umeme ulikuwa unakatwa kila siku kuanzia saa kumi alasiri hadi saa nne usiku, masaa sita kamili, na kampuni ya umeme ilikuwa imeuletea kila mtaa fomu moja: betri zitawabeba kwa masaa manne mfululizo katika hayo sita, chagueni yapi, wekeni sahihi. Mtaa utakaorudisha fomu tupu, masaa yake yatapewa mtaa wa pili. Kazi inaanza leo. Fomu ilikuwa imelala wiki nzima chini ya kopo la sukari, na ilikuwa bado tupu. Afisa wa kuichukua alikuwa anafika saa tano. Sasa ilikuwa saa nne na dakika ishirini, na Sindano alikuwa ameshaitazama saa ya Kinyozi mara tisa.

— Mimi nimesema na nitarudia, alisema Kinyozi. Hayo makontena yakijaa yatazama.

— Yazame vipi? aliuliza Cheche.

— Kwa uzito. Umeme wa mji mzima unalala humo. Simu yangu tu ikijaa chaji, naisikia mfukoni imekuwa nzito.

— Simu yako nzito kwa picha zako mwenyewe.

— Cheka. Kwa nini walimwaga zege chini yake? Mtu hamwagi zege kwa kitu chepesi.

Mjomba Birika alimimina kahawa polepole, kama mtu anayesubiri zamu yake.

— Uzito si tatizo, alisema. Tatizo ni kuchacha. Umeme unautengeneza mchana, unaulaza, unakuja kuula usiku. Hicho ni kiporo. Mtaona taa zitakavyotoa mwanga wa njano.

— Mjomba, hii kahawa umeichemsha lini?

— Jana. Lakini kahawa haipiti kwenye waya.

Sindano alikuwa anashona kola ya shati la shule. Alikosea mshono, akaufumua.

— Yanajazwa wakati watu hawatumii umeme mwingi, alisema, halafu jioni, wote wakiwasha, yanautoa. Ni hivyo tu. Imeandikwa nyuma ya fomu.

— Nyuma, alisema Mjomba Birika. Jambo la kweli likaandikwe nyuma?

— Dada, hao wanaandika wanachotaka usome, alisema Cheche. Mimi ndiye mtu wa umeme hapa. Betri ikishiba inavimba. Nimeona kwa macho yangu. Sasa kumi na mawili yakivimba kwa pamoja, uzio unakwenda, barabara inakwenda, na hili benchi tutalifuata mtaa wa pili.

— Na yasipovimba yananyonya, alidakia Kinyozi. Usiku, wewe umelala, yanarudi kuuvuta kupitia soketi. Mimi nimeziba zangu zote kwa pamba.

— Zote?

— Nne. Na ya friji.

— Friji lako linafanyaje kazi?

Kinyozi alinywa kahawa.

Siku nyingine Sindano angecheka mpaka aangushe kola. Leo kichwani mwake kulikuwa na hesabu moja. Mama yake alitoka hospitali Jumanne na mashine ya oksijeni. Nyumbani kulikuwa na betri ndogo na inveta, na Sindano aliipima kwa saa ya ukutani mara mbili: iliendesha mashine kwa masaa mawili na dakika kumi. Siku zote hizo alikuwa anamchukua mama kwa teksi saa tisa na nusu, anampeleka zahanati yenye jenereta, anamrudisha saa nne usiku. Asubuhi hii mama, akiongea kwa vipande kwa sababu ya pumzi, alitangaza kwamba teksi hapandi tena. Sita ukitoa manne ni mawili. Masaa yoyote manne yangetosha, ya mwanzo, ya katikati, ya mwisho. Kitu pekee ambacho kisingetosha ni fomu tupu.

Na hakuweza kusema. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya pale kwa miaka thelathini na moja. Cheche na Kinyozi walipita mikononi mwake. "Usinitangaze benchini," alimwambia. "Sitaki kuja kutazamwa na watoto wangu wa darasa la pili."

— Tuandike basi, Sindano alisema. Imebaki nusu saa.

— Tuandike nini? Cheche aliuliza. Mimi nataka kumi hadi mbili. Mageti yanachomelewa mchana.

— Mimi nataka kumi na mbili hadi nne, alisema Kinyozi. Watu wananyoa wakitoka kazini.

— Moja hadi tano, alisema Mjomba Birika.

— Mjomba, saa tano haimo. Umeme unarudi saa nne.

— Ndiyo maana nasema fomu yao mbovu.

Hapo ndipo palipokwama wiki nzima. Benchi lile halikuwa na kura. Tangu enzi za baba yake Kinyozi, jambo lenye mpinzani mmoja haliandikwi. Linazungumzwa mpaka mpinzani akubali au lisahaulike. Kwa utaratibu huo walikuwa wameshindwa kumwandikia diwani juu ya mtaro kwa miaka minne, na walijivunia kwamba hawajawahi kugombana.

Sindano alitia sindano kwenye kimto chake cha kuchomekea.

— Haya, tuacheni nani anataka nini, alisema. Nauliza kitu kingine. Nani hapa anaweza kukaa masaa mawili bila umeme?

— Kukaa vipi?

— Kufanya kazi. Bila umeme. Mimi naweza, cherehani yangu ni ya kukanyaga. Ila sidhani kama kuna mwingine.

Kinyozi alinyoosha mgongo.

— Mimi nina mkasi na wembe, alisema Kinyozi. Ile mashine ni ya watu wenye haraka.

— Wewe? alisema Cheche. Wewe bila mashine unamtoa mtu masikio.

— Na wewe bila umeme ni mtu amekaa kwenye chuma.

— Nani?

— Fundi, usikasirike, Sindano alisema kwa upole uliompa kazi. Kazi yako inajulikana. Bila umeme huwezi hata nusu saa. Hakuna anayekulaumu.

Cheche aliweka kikombe chini.

— Dada yangu. Unajua geti moja lina kazi kiasi gani kabla sijawasha mashine? Kupima. Kukata kwa msumeno wa mkono. Tupa. Msasa. Nina kazi ya msasa ya mwezi mzima pale ndani. Masaa mawili? Nipe matatu.

— Mawili yanatosha. Yapi?

— Yoyote.

— Ya jua? Kumi hadi kumi na mbili?

— Hayohayo.

— Hawezi, alisema Kinyozi.

— Andika, Cheche alimwambia Sindano. Andika kumi hadi kumi na mbili hatutaki umeme wa mtu. Nimsikie tena huyu.

— Mimi sina pingamizi, alisema Kinyozi haraka. Mkasi upo.

Wote watatu walimgeukia Mjomba Birika.

— Mimi jiko langu la mkaa, alisema. Nilikuwa nimewazidi nyote tangu mwanzo, sikutaka kusema.

Sindano aliondoa kopo la sukari, akapangusa fomu kwa upande wa kiganja, akaandika: kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku. Aliandika kwa herufi kubwa, zisisomeke vingine. Hakuwa amemaliza nukta pale mwanamke mwenye kofia ya plastiki na jalada kwapani alipovuka barabara.

— Habari zenu. Mimi ndiye wa fomu.

— Imejaa, alisema Cheche. Sisi hatuhitaji kusukumwa.

Afisa aliisoma amesimama.

— Safi. Bado sahihi, na hapa chini pameachwa. Sababu. Kwa nini mmechagua haya manne?

Kinyozi alimtazama Cheche. Cheche alimtazama Mjomba Birika. Mjomba Birika alifunua birika akachungulia ndani.

— Sababu tumeweza, alisema Cheche mwishowe.

— Mmeweza nini?

Afisa alisubiri, kalamu mkononi. Sindano aliona fomu inavyolegea katika vidole vya afisa, kama inayotaka kurudi chini ya sukari kwa wiki nyingine, akasimama.

— Andika kuna mgonjwa, alisema. Nyumba nyuma ya cherehani. Anapumua kwa mashine. Betri ya nyumbani na inveta yake zinabeba masaa mawili na dakika kumi, hayo mengine ni yenu.

Afisa aliandika, kisha akaizungusha fomu.

— Mwalimu? Kinyozi aliuliza.

— Mwalimu.

— Tangu lini?

— Jumanne.

— Jumanne, alirudia Kinyozi. Na sisi tumekaa hapa tunapima uzito wa umeme.

Alitia sahihi wa kwanza. Mjomba Birika alitia ya pili, ndefu, yenye mkia. Cheche alitia yake bila kuketi, na afisa alipovuka barabara kurudi kwenye makontena yake, fundi alikuwa ameshaingia karakanani na kutoka na koleo, bisibisi na kipimo cha umeme.

— Dakika kumi za akiba ni chache, alisema. Nikaze nyaya za hiyo inveta kabla ya saa kumi. Twende.

— Kaka, alikataza msijue. Atakufokea.

— Anifokee. Akiweza kufoka, pumzi ipo.